Ng'ombe wa Paji Jeupe

Jumatatu, 1 Machi 1971

Daftari hili nimelinunua Moshi mjini kwa ajili ya maneno ya Kichagga. Maneno nitayaandika kuanzia nyuma. Huku mbele nitaandika mambo yangu, kwa sababu nisipopata mahali pa kunung'unikia nitapasuka.

Mimi ni muuguzi mkunga, mzaliwa wa Masasi, na mpaka juzi nilidhani baridi ni kitu cha asubuhi tu. Nimepangiwa zahanati ya huku Uru. Bwana Mganga alinipokea kwa chai na maneno mazuri, kisha akaniambia nyumba ya muuguzi haijaezekwa, na hata ingekuwa tayari asingenipa kwanza. Muuguzi aliyenitangulia alikaa miaka miwili na Kiswahili chake kizuri. Vijana walikuja. Akina bibi walibaki nyumbani na maumivu yao, maana hawakuwa na wa kumwambia yalipo.

"Kaa na familia masika yote, Tabitha," alisema. "Siku utakapomuuliza bibi kizee panapomuuma, na ukaelewa anachokujibu, nitakupa ufunguo."

Familia yenyewe ni ya Bibi Anyesi, mjane. Mwanawe Sirili anafanya kazi kiwanda cha sukari huko chini tambarare, hupanda nyumbani Jumamosi. Flavia, mke wa Sirili, yuko karibu kujifungua. Wao wana nyumba ya bati. Mimi nimelazwa nyumba ya zamani ya nyasi pamoja na Bibi, maana Flavia anasema Kichagga kinakaa huko. Huko pia anakaa ng'ombe. Simaanishi zizi la pembeni. Namaanisha ndani, nyuma ya boriti tatu, hatua nne kutoka kitandani kwangu. Ana paji jeupe na macho ya mtu anayesubiri uondoke.

Chuoni tulifundishwa kwamba watu na mifugo wasilale pamoja. Katika somo hilo nilipata alama tisini.

3 Machi

Baridi. Alfajiri ng'ombe alikohoa, nikamwambia pole kabla sijakumbuka kuwa ni ng'ombe.

8 Machi

Bibi Anyesi hana mchezo. Kiswahili chake ni "karibu", "ngoja" na "siyo hivyo", na hilo la mwisho ndilo ninalolisikia kutwa. Anafundisha kwa vitu. Anashika kitu, anakitaja, ananipa nikishike, nami nakitaja. Nikikosea, anakichukua. Jana nilisahau neno la kijiko, nikanywa mtori kwa kuinua bakuli, ndizi zikinichuruzika kidevuni. Leo kijiko nakijua.

Asubuhi tunakata majani ya migomba na kubeba nyasi za ng'ombe. Yeye hatoki nje kamwe. Huku ng'ombe anakaa nyumbani, wanaokwenda malishoni ni watu.

Ijumaa, 12 Machi

Flavia amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nimemzalisha mimi, Bibi akinishikia taa na kunikosoa kwa Kichagga. Flavia alipoteza damu kuliko nilivyopenda. Aliugua malaria mara kwa mara huko kiwandani wakati anaishi na mumewe, na mikono yake imekuwa myembamba mno. Mtoto ataitwa Anyesi, jina la bibi yake. Bibi alipoambiwa alisema "siyo hivyo", kisha akaenda kulia nyuma ya ng'ombe.

14 Machi

Mzazi wa huku hatoki kwa miezi mitatu. Halimi, hachoti maji, habebi hata kuni. Anakaa ndani ananenepeshwa, na siku ya kutoka anapambwa na kupelekwa sokoni, watu wamwone. Nimehesabu. Itakuwa tarehe 12 Juni.

Kazi yote ya kumnenepesha iko kwa yule mwenye paji jeupe. Maziwa asubuhi, maziwa jioni, siagi kwenye mtori, na Jumamosi mlaso, yaani damu na maziwa vilivyopikwa pamoja. Nilitaka kuukataza mlaso. Bibi akanitazama, akavuta kope la chini la Flavia, akanionyesha jinsi lilivyo jeupe kwa ndani. Hivyo hivyo ndivyo tulivyofundishwa kupima upungufu wa damu. Nikaenda kuleta kijiko.

23 Machi

Leo tulijifunza "ya nani". Chungu cha nani? Cha Bibi. Kanga ya nani? Ya Flavia. Viatu vya nani, vilivyojaa matope hivi? Vyangu. Nikachangamka, nikaelekeza kidole kwa ng'ombe. Bibi alikumbuka ghafla kwamba ana majani ya kukata, akatoka.

Nilimuuliza Flavia kwa Kiswahili nilipompelekea maziwa. Akajibu huku ananyonyesha, bila kuinua macho. "Ni wa Mzee Basili wa ng'ambo ya korongo. Tumewekewa tu. Sisi maziwa na samadi, yeye ndama." Nikaliandika neno "kuwekewa" kule nyuma, na mstari chini yake.

1 Aprili

Mvua.

2 Aprili

Mvua. Kope la Flavia limeanza kupata rangi.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Mimi ni Mwanglikana, lakini sikutaka kushinda na ng'ombe siku ya Pasaka, nikaenda misa na Bibi. Baada ya misa wanawake walinizunguka. Niliwasalimu wote kwa Kichagga, mmoja mmoja, nikawauliza habari za nyumbani, migomba na kuku. Walishangilia hata nikaona aibu ya kujifanya naona aibu. Alikuwapo Gabriel, mwanamume mcheshi mwenye kofia ya pama, mdogo wake Mzee Basili. Aliniambia, "Nesi, wewe siku hizi ni wa kwetu." Kaka mtu alisimama pembeni na koti lake jeusi, akaitikia shikamoo yangu, basi. Simpendi sana yule mzee. Ana uso wa mlango uliofungwa.

Njia nzima kichwa kilinivimba.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimeharibu. Sijui kama niandike au nifungashe.

Mvua ya juzi ilibomoa ukingo wa mfongo, mfereji unaoleta maji vihambani kwenye migomba, kwa hiyo leo ulikuwa msaragambo. Kila nyumba itoe mtu. Sirili alikuwa hajapanda kutoka kiwandani, nikasema nitakwenda mimi. Wanaume walijenga ukingo, wanawake tukabeba mawe na udongo. Kazi ilipoisha ndizi zikaletwa, na mbege, pombe yao ya ndizi, ikamiminwa. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, na nina furaha ya kijinga.

Gabriel akasimama na kata yake ya mbege, akatangaza kwamba sasa nesi atafanya mtihani. Akaniuliza kwa Kichagga, nimetoka wapi? Nikajibu. Nalala kwa nani? Nikajibu. Watu wakapiga makofi. Mzee Leonce, ambaye ni kiziwi, alikuwa anapiga makofi kila wenzake wakipiga. Gabriel akauliza, mbona nimenenepa hivi, nakula nini?

Ningesema "maziwa" nikakaa chini. Lakini nilikuwa na sentensi ndefu niliyoitengeneza kwa wiki tatu, yenye kila nililofundishwa ndani yake, na sikuwa tayari kurudi nayo nyumbani. Nikaisema kwa sauti, mbele ya watu arobaini. Nilisema ninakunywa maziwa ya ng'ombe wa Mzee Basili, yule mwenye paji jeupe, aliyewekwa nyumbani kwa Bibi Anyesi.

Sikukosea hata mahali pamoja.

Mzee Leonce alipiga makofi. Alipiga peke yake, akatazama huku na huku, akaacha.

Mzee Basili alikuwa ameketi kwenye jiwe. Aliweka kata chini polepole kabisa. Gabriel alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limesahauliwa usoni. "Paji jeupe?" alisema, na alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisipitwe. "Kaka, yule si alikufa Kahe?"

Mzee Basili alichukua jembe lake akaondoka bila kuaga.

Haya ndiyo niliyoelezwa na Flavia nilipofika nyumbani. Basili na Gabriel ni mtoto wa kwanza na wa mwisho wa mama mmoja. Baba yao alipofariki, ukoo uliamua ng'ombe yule achinjwe kwenye karamu ya kumkumbuka, na Gabriel ndiye aliyeishikia bango karamu hiyo. Wiki moja kabla, Basili alimteremsha ng'ombe Kahe, eti akapate nyasi. Akarudi na kamba tupu. Ugonjwa wa ndigana, alisema. Gabriel alilia, na akampikia kaka yake mbege ya kumpa pole. Kumbe ng'ombe alikuwa ameletwa huku jioni moja ya ukungu, na kwa kuwa hawatoki nje, miaka miwili hakuna aliyemwona.

"Kwa nini hamkuniambia ni siri?" nilimuuliza.

Flavia hakukasirika. Ingekuwa afadhali. "Tungekuambiaje, wifi? Hapa hata mtoto haambiwi. Ng'ombe aliye ndani ya nyumba ya mtu hasemwi ni wa nani. Anayeuliza ni mwizi au ni serikali."

Jumapili, 18 Aprili

Wamekuja asubuhi kabla ya misa. Mzee Basili alikuwa na kamba, anataka kumhamishia Masama kwa binti yake. Gabriel alikuwa nyuma yake na wazee wawili wa ukoo, anataka kumchukua akachinjwe. Bibi Anyesi alisimama mlangoni na kisu cha kukatia majani. Hakukiinua. Alikuwa nacho tu.

Nilielewa karibu kila neno, na niliona uchungu kuelewa. Alisema, "Humu nyumbani kuna mzazi. Maziwa ya mzazi hayakatwi. Akishakwenda sokoni, njoo mgombane."

Hakuna aliyebisha. Gabriel akasema vema, Flavia anatoka tarehe 12 Juni, basi tarehe 13, Jumapili, ng'ombe atachinjwa, na safari hii atamfunga kamba mwenyewe. Mzee Basili alikunja kamba yake. Hakunitazama.

Ni wiki nane. Baada ya hapo hakuna maziwa. Kope la Flavia limepata rangi, bali mikono yake bado ni vijiti, na mtoto ananyonya kama mkamuaji. Na Bibi, ambaye amembebea ng'ombe huyu nyasi kwa mgongo wake miaka miwili, atabaki na boriti tatu. Yote haya kwa sababu nilitaka kupigiwa makofi.

19 Aprili

Flavia aliniambia nipeleke jani la sale. Ni mmea ulioko mipakani kote huku. Ukimpelekea mtu uliyemkosea jani lake, hawezi kukataa kukusamehe. Nikaenda mpakani kwa haraka zangu, nikashika mche mzima nikaanza kuung'oa. Bibi akapiga ukelele "siyo hivyo!" akaja mbio na miaka yake yote. Mche ndio mpaka wenyewe. Bado kidogo niwaanzishie kesi ya shamba. Nilichotakiwa ni jani moja, lililofungwa fundo.

Nikavuka korongo nikalitoa kwa mikono miwili. Mzee Basili alilipokea. "Wewe nimekusamehe," alisema. "Habari ya ng'ombe siyo yako." Mlango ukafungwa, wa nyumba na wa uso.

25 Aprili

Mvua. Bibi hakunifundisha neno.

29 Aprili

Mvua. Bibi hakunifundisha neno. Nimekata majani mzigo wa pili bila kuambiwa.

3 Mei

Ndizi za kuchemsha. Hakuna neno.

Jumamosi, 8 Mei

Sirili amepanda na mfuko wa sukari guru. Nilimsubiri njiani nimwombe radhi, maana Jumamosi zilizopita nilikuwa najificha zahanati. Alicheka mpaka akaweka mzigo chini.

"Dada Tabitha, nusu ya Uru ilikuwa inajua. Mtu anapita nyuma ya nyumba, anasikia ng'ombe analia, anajua sauti yake. Lakini hakuna aliyekuwa amesema."

"Kwa hiyo kosa langu ni kusema?"

"Mbele ya watu arobaini," alisema, akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama Flavia atapata nguvu kabla ya Juni. Sikumdanganya. Nilimwambia anahitaji maziwa mpaka mwisho wa mwaka.

16 Mei

Sasa namkamua mimi. Bibi alinipa kibuyu bila kusema kitu, akasimama nyuma yangu. Mara ya kwanza ng'ombe alinipiga mkia usoni, mara ya pili pia. Mara ya tatu alisimama. Anatoa joto kama jiko. Asubuhi namwegemezea paji la uso ubavuni, nasikia tumbo lake likifanya kazi, na sijali tena zile alama tisini.

20 Mei

Bibi amenifundisha neno. Ni jina la ule ukungu mwembamba unaokuja baada ya mvua kubwa. Nililirudia mara tano, nikaenda nje ili asinione.

Alhamisi, 27 Mei

Leo Gabriel amekuja zahanati, amevua kofia yake ya pama, ameishika kifuani. Hakuwa mcheshi hata kidogo. Mama yao, Bibi Theopista, anaumwa. Yeye ndiye anayeishi naye, maana mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na mama. Anakohoa, na tangu siku za msaragambo hali ila vijiko viwili. Bwana Mganga alikwenda jana, bibi akageukia ukutani.

"Njoo wewe, Nesi," alisema Gabriel. "Angalau wewe unaongea." Aliona nilivyoinamisha kichwa, naye akainamisha chake.

Bwana Mganga alinitazama juu ya miwani. "Huyu ndiye bibi wako," alisema. "Twende."

Walibaki nje chini ya upenu, nikaingia peke yangu. Bibi Theopista ni mdogo kama msichana wa miaka kumi. Nilimwamkia kwa Kichagga, nikaketi chini, nikashika mkono wake, nikauliza swali nililoletwa huku mlimani kuuliza. Panauma wapi?

Alionyesha kifua, upande wa kushoto. Nikasikiliza, na kweli pafu lilikuwa na maji yake. Nikauliza tena, na wapi kwingine?

Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. "Yule paji jeupe," alisema. "Bado yuko?"

Nikamwambia yuko, mimi ndiye ninayemkamua.

Alilia kidogo, kisha akasema yote, polepole, akinitazama mdomo kuona kama nafuata. Ng'ombe yule si wa Basili. Ni wake. Gabriel alipozaliwa, yeye mama hakuwa na maziwa, na mumewe alimletea ndani ng'ombe, bibi wa bibi yake huyu. Gabriel alikua kwa uzao ule. Huyu ndiye wa mwisho. Ukoo ulipoamua achinjwe kwa karamu, hakuweza kukataa, maana wangesema anamnyima marehemu. Wala hakuweza kumkatalia Gabriel, anayemlisha na kumbeba kumtoa nje aote jua. Akamwita Basili kwa siri. Sema amekufa, alimwambia. Mpeleke kwa Anyesi. Kwake iko siku mkwe atazaa, atahitaji maziwa.

"Nimemfanya wa kwanza kuwa mwongo," alisema, "ili wa mwisho asijue nilimkatalia."

Nilimfikiria yule mzee juu ya jiwe, akiweka kata chini. Alikuwa anaweza kusema neno moja tu mbele ya watu wale na aibu yote ikamtoka. Hakulisema, akachukua jembe akaenda zake. Na mimi nimeandika hapa kwamba simpendi.

Nikamwambia Bibi Theopista kwamba kifua nitakitibu mimi, ila hilo lingine dawa yake anayo mwenyewe, na aimeze haraka kwa sababu tarehe 13 iko karibu. Sijui kama nilisema vizuri. Alielewa.

Nje, Gabriel aliniuliza amesema nini. Jamani, lilikuwa hapa, mdomoni. Sentensi moja ingemsafisha Basili, ingemwokoa ng'ombe, na ingenitua mzigo wa wiki sita. Nikalimeza. Nikasema, "Kifua, upande wa kushoto. Sindano asubuhi na jioni kwa siku saba. Mengine atakuambia mwenyewe. Kamwite Mzee Basili, mje wote wawili."

Tulipokuwa tunashuka Bwana Mganga hakuuliza kitu. Alinibebea mkoba.

Jumapili, 30 Mei. Pentekoste

Nilikwenda kumchoma sindano ya asubuhi nikawakuta wote wawili, mmoja kila upande wa kitanda, kama watoto walioitwa. Bibi Anyesi alikuwapo pia, alikuwa amevuka korongo na fimbo. Nilitaka kutoka. Bibi Theopista akasema nikae, kwa kuwa mimi ndiye niliyelifungua, niliangalie likifungwa.

Aliwaambia. Alisema kwa pumzi fupi fupi, hakuruka kitu.

Gabriel alinyanyuka akatoka akaenda migombani. Tulimsubiri. Mzee Basili alikuwa anaangalia mikono yake. Gabriel aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Mama, si ungeniambia?"

"Nakuambia sasa."

"Miaka miwili!"

"Ulikuwa umeipenda sana ile karamu, mwanangu."

Akakaa. Akamgeukia kaka yake, na nilianza kuogopa. Kisha akasema, "Na mbege yangu ya pole uliinywa yote!"

"Viwili," alisema Mzee Basili. "Ulileta vibuyu viwili."

Bibi Anyesi ndiye aliyeanza kucheka. Bibi Theopista akafuata, akakohoa, nikalazimika kumwinua. Gabriel alicheka huku analia, na Mzee Basili, sikuamini, ana meno mazuri kabisa. Ikaamuliwa hapo hapo kwamba karamu itakuwapo, atachinjwa beberu, na mwenye paji jeupe atabaki alipo. Bibi Theopista alikula bakuli zima la mtori.

Mzee Basili alinisindikiza mpaka korongoni. Nikataka kuanza tena kuomba radhi. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake jeusi, akatoa lile jani la sale, limekauka, fundo bado lipo. "Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Uso tu ndio umechelewa."

Nimelala mchana wote. Sijalala hivyo tangu Aprili.

5 Juni

Pafu la Bibi Theopista limesafika. Bwana Mganga amenipa ufunguo, nyumba imeezekwa. Nimemwomba nibaki huku mpaka mwisho wa mwezi. Aliuliza kwa nini. Nikasema nani atakamua?

9 Juni

Jua. Jua lenyewe! Tumeanika kila kitu isipokuwa ng'ombe.

Jumamosi, 12 Juni

Flavia ametoka.

Tangu alfajiri tulikuwa tunampamba. Kanga mpya mbili, kilemba, shanga za Bibi Anyesi, na mafuta mpaka miguuni. Mikono yake imejaa. Nilivuta kope lake kwa mazoea, jekundu, akanipiga kofi begani. "Leo mimi si mgonjwa wako, wifi." Sirili aliomba ruhusa kiwandani, alibaki nyuma akijidai hafurahi. Tulishuka njia ya sokoni sisi wanawake, mimi nimembeba mtoto, na kila nyumba walitoka kumtazama na kusema amependeza. Nilijiona nimenenepa mimi.

Sokoni watu walikuwa wengi, wengi wao wale wale wa msaragambo. Gabriel alituletea ndizi mbivu, akamsifia Flavia mpaka wanawake wakamfukuza. Mzee Basili alinyanyua fimbo kutoka mbali. Hapo ndipo Mzee Leonce, yule kiziwi, alipojikongoja mpaka mbele yangu. Anaongea kwa kupiga kelele, kama wasiosikia wote. Akaniuliza kwa Kichagga, soko zima likisikia.

"Nesi! Yule ng'ombe wa kwa Anyesi! Hivi hatimaye ni wa nani?"

Mwanamke aliyekuwa anapima magadi alisimamisha mkono. Flavia alinishika kanga kwa nyuma. Na mimi nilikuwa nayo sentensi, ndefu kuliko ile ya kwanza, nzuri zaidi, na yote ni kweli.

Nikamtazama Mzee Leonce kwa adabu.

"Ng'ombe gani?" nikasema.

"Nini?"

"Ng'ombe gani, Babu?" nikapaza sauti.

Alifikiri. Kisha uso wake wote ukakunjuka, akaanza kupiga makofi, na safari hii hakupiga peke yake.

Bibi Anyesi alikuwa mbele yetu, anachagua mbegu za maharage. Hakugeuka. Alizichambua kama tatu nne hivi, akazitia kwenye kikapu, akasema kwa Kiswahili chake, "Ndiyo hivyo."